Kabla ya Kufungua: Cheni ya Injini na Utangulizi wa Somo

Ndugu wasomaji, wengi wenu mko katika mazoezi ya kufundisha, au mnajiandaa kwenda. Tunawaandikia juu ya kosa tulilolitenda sisi wenyewe tulipokuwa tukiwakagua wenzenu katika shule za Gairo, na juu ya kazi ya kubadilisha cheni ya injini ya gari la zamani, kazi ambayo ndiyo iliyotufumbua macho. Kama kungekuwa na njia fupi zaidi ya kulieleza jambo hili tungeitumia. Lakini sisi hatukulifahamu kwa njia fupi, wala hatudhani kwamba litaeleweka vema likiondolewa grisi na oili yake.

Gairo, kwa wale wasioijua, ni mji ulio kando ya barabara kuu, karibu katikati ya Morogoro na Dodoma, jirani na milima ya Ukaguru. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa wilaya, ikamegwa kutoka Kilosa. Malori na mabasi yaendayo Dodoma na mikoa ya mbele hupita hapo usiku na mchana, na kila penye malori hapakosi mafundi. Gereji tutakayoisimulia haina ukuta wala lango. Ina mti wenye kivuli, magogo mawili ya kukalia, sanduku la spana, na turubali linalotandikwa chini ili nati zisipotee mchangani.

Kwanza tueleze kosa. Siku ya Ijumaa tulimkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa na kipindi cha Hisabati, Darasa la Tano, dakika 40. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Mada ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na kwenye safu ya utangulizi alikuwa ameandika dakika tano, kama tulivyomfundisha. Aliingia, akasalimiana na wanafunzi, kisha badala ya kuuliza lile swali letu la siku zote, "Jana tulijifunza nini?", akagawa vipande vya karatasi vilivyokatwa kutoka daftari kuukuu. Akamtaka kila mwanafunzi aikunje karatasi yake ili ionyeshe theluthi moja.

Wanafunzi wengi waliikunja karatasi katikati mara tatu mfululizo. Karatasi ikikunjwa hivyo haitoi theluthi. Ikifunuliwa ina vipande vinane. Mtoto aliifunua, akaona mistari, akapaka wino kipande kimoja, akainua mkono kwa furaha: theluthi! Kwake yeye "tatu" ilikuwa hesabu ya kukunja, wala si hesabu ya mafungu yaliyo sawa. Wengine walipata mafungu matatu kweli, ila moja lilikuwa kubwa kama mengine mawili yakiunganishwa, na wao wakaridhika vilevile. Mwanachuo alipita kwenye madawati yote bila kuharakisha. Kisha akaliacha andalio lake mezani na kutumia muda uliosalia kukunja karatasi pamoja na darasa, nusu, theluthi, robo, mpaka kengele ikalia. Hapakuwa na swali hata moja la kujumlisha ubaoni.

Nasi tukaandika katika fomu ya ukaguzi: "Utangulizi mrefu mno, dakika 18. Lengo la somo halikufikiwa. Mwanachuo azingatie muda." Alama tuliyompa ilikuwa ya chini kuliko zote tulizotoa juma lile. Alipoisoma fomu alisema tu, "Asante, Mkufunzi," akaondoka. Usiku ule tulilala usingizi mzuri.

Kesho yake, Jumamosi, mwenyeji wetu mjini, mwalimu mkuu mstaafu, alitualika tumsindikize gereji. Anamiliki Datsun 160J ya miaka ya 1970, gari dogo la abiria ambalo ni jamaa wa karibu wa zile Datsun zilizojipatia sifa katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na mwaka 1970 yalishindwa na Datsun 1600 SSS, yenye injini ya ukoo uleule na hii ya mwenyeji wetu. Kwa miezi kadhaa injini yake ilikuwa ikitoa mlio upande wa mbele, hasa asubuhi inapowashwa ikiwa baridi, kama punje za mahindi ndani ya kibuyu. Fundi alisikiliza, akasema ni cheni. Vipuri viliagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Wanachuo watano waliokuwa mapumzikoni walifuatana nasi, na yule wa karatasi alikuwa mmoja wao.

Kwa wasiowahi kuiona cheni hii, tuieleze. Ndani ya injini ya petroli ya kawaida pistoni hufanya kazi kwa mipigo minne: kufyonza hewa iliyochanganyika na petroli, kuikandamiza, kusukumwa na mlipuko, na kutoa moshi. Mipigo hiyo minne ni mizunguko miwili ya mhimili mkuu wa chini, yaani kranki. Vali za kuingiza hewa na za kutoa moshi hufunguliwa na mhimili mwingine, kamshafti, ambayo katika Datsun ile iko juu kabisa ya injini. Kwa kuwa kila vali yapaswa kufunguka mara moja tu katika mipigo minne, kamshafti lazima izunguke mara moja wakati kranki inazunguka mara mbili. Kinachoiunganisha mihimili hiyo ni cheni, kama ile ya baiskeli lakini iliyofungiwa ndani na kuogeshwa oili. Gurudumu la meno lililo juu lina meno mara mbili ya lile la chini. Cheni ikilegea, vali huchelewa na nguvu hupungua. Ikiruka meno, vali hufunguka wakati usio wake, na ziko injini ambazo vali hugongana na pistoni zikaharibika zote.

Sasa, mwanafunzi wa fundi alikwisha kushika spana, tayari kuanza kufungua. Kijana mwepesi, mwenye kiherehere cha kazi. Fundi alimwambia aiweke chini. Akatoa plagi zote nne. Akaziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole gumba, akamwambia kijana aizungushe injini polepole kwa spana kutoka mbele. Wakazungusha, wakasimama, wakarudia. Fundi akatumbukiza bua jembamba tunduni, akalitazama linavyopanda. Akafuta vumbi kwenye puli, akatafuta alama, akaipaka chaki. Akafungua kifuniko cha distributa, akatazama rota inaelekea wapi, akachora mstari wa chaki hapo pia. Ilikwisha kupita karibu nusu saa, na hakuna hata boliti moja ya mfuniko wa mbele iliyokuwa imelegezwa.

Mwenyeji wetu alichoka kungoja. "Fundi, mbona hufungui?"

"Mwalimu, bado sijajua iko wapi," fundi akamjibu kwa upole. "Nikifungua sasa, wakati wa kufunga nitabahatisha."

Tulimwuliza kwa nini hakutosheka na lile bua. Si lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba pistoni iko juu? Jibu lake ndilo lililotuchoma. Pistoni, alisema, hufika juu mara mbili. Mara ya kwanza hufika ikiwa imekandamiza hewa, vali zote zimefungwa, na hapo ndipo mahali pa kuanzia kazi. Mara ya pili hufika ikiwa inamalizia kutoa moshi, vali imeachia, na hapo hakuna kitu. Ukitazama kwa bua, mara zote mbili ni sawasawa. Kinachotofautisha ni kidole gumba, kwa maana mara ya kwanza hewa hukisukuma kidole, na mara ya pili haikisukumi.

Hatukumtazama yule mwanachuo wetu, kwa aibu. Ni mara ngapi, ndugu wasomaji, tumesimama mbele ya darasa tukauliza "Mmeelewa?" na darasa zima likaitika "Ndiyo, mwalimu!"? Hilo ndilo bua. Jibu limefika juu, nasi tunaliona limefika juu. Lakini hufika juu kwa sababu mbili: ama mtoto ameelewa, ama mtoto amezoea kuitikia. Hata jibu sahihi ubaoni laweza kuwa la namna hiyo. Mtoto aliyekunja mara tatu angeweza kuandika 1/3 kwa hati nzuri kabisa, akapata vema, na hadi Darasa la Saba asijulikane kwamba kwake theluthi ni kipande cha nane. Mwanachuo wetu alikuwa ameziba tundu kwa kidole gumba. Sisi, tuliokuwa tumekaa nyuma ya darasa na saa mkononi, tulimwadhibu kwa kuchelewa kufungua.

Turudi gereji, maana kuna mawili zaidi ya kujifunza huko, na moja la kutojifunza.

Mfuniko wa mbele ulipotoka, baada ya rejeta, feni, puli, pampu ya oili na vikorokoro vingine ambavyo hatuna nafasi ya kuvitaja, tuliiona cheni ya zamani imelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kile kifaa kinachoikaza, ambacho husukumwa na springi pamoja na nguvu ya oili, kilikuwa kimetokeza nje kupita kiasi kikiikimbilia cheni iliyorefuka. Fundi alituonyesha kitu kwenye gurudumu la juu. Lilikuwa na matundu matatu ya pini, yenye namba 1, 2 na 3. Waliolibuni walijua kwamba cheni itarefuka kwa kulika, wakaweka matundu hayo ili fundi, badala ya kuitupa cheni mapema, alisogeze gurudumu kutoka tundu la kwanza hadi la pili, na baadaye la tatu, na hivyo kuirudishia kamshafti wakati wake. Gurudumu la mwenyeji wetu lilikuwa tundu la pili. Maana yake ni kwamba fundi mwingine, miaka mingi iliyopita, alikuwa ameigundua hali hiyo na kuirekebisha, kisha akaenda zake bila kumwachia mtu habari. Kwa cheni mpya fundi wetu alirudi tundu la kwanza.

Tulilitaja jambo hilo kwa wanachuo kwa sababu linawahusu moja kwa moja. Darasa mnalokabidhiwa mwezi Januari limekwisha kurekebishwa na mwalimu mwingine. Huenda aliwafundisha kugawanya kwa njia yake, au aliwavumilia katika kosa fulani kwa kuwa muda haukumruhusu. Msipotazama gurudumu liko tundu gani mtafunga kitu kipya juu ya rekebisho la zamani, na mtashangaa kwa nini mambo hayaendi.

La pili lilitokea wakati wa kufunga. Cheni mpya ilikuwa na pingili mbili za rangi ya kung'aa. Moja huwekwa mkabala na alama ya gurudumu la juu, nyingine mkabala na alama ya gurudumu la chini. Fundi alizilinganisha, akakaza boliti ya gurudumu, kisha akamwambia kijana aizungushe kranki mizunguko miwili kamili kwa spana, polepole, kwa mkono. Alisema hajapata kuiwasha injini yoyote kabla ya kuizungusha kwa mkono. Mkono ukikutana na kizuizi husimama, starta haisimami.

Mizunguko miwili ilipokamilika, alama za magurudumu yote mawili zilirudi mahali pake. Lakini zile pingili za kung'aa hazikuwapo! Zilikuwa zimehamia kwingine kabisa. Wanachuo wakapiga kelele kwamba kazi imeharibika. Fundi akacheka. Akasema cheni ina safari yake, nayo si safari ya magurudumu, akaendelea kufuta mikono. Alijua kwa hakika kwamba hakuna kosa, lakini sababu hakuweza kuitaja, wala hakuona haja ya kuitaja.

Hapo mwenyeji wetu, ambaye alifundisha Hisabati miaka mingi, aliinuka kutoka kwenye gogo. Aliichukua cheni ya zamani iliyokuwa kwenye turubali, akaokota kaa, akaanza kuandika kwenye ubao wa sanduku la spana. Tutumie tarakimu za mfano, alisema, zinazofaa kwa watoto: gurudumu dogo meno 20, kubwa meno 40, cheni pingili 106. Kila gurudumu dogo linapozunguka mara moja, pingili 20 hupita. Gurudumu kubwa hurudi mahali pake kila zinapopita pingili 40, na cheni yenyewe hurudi mahali pake kila zinapopita 106. Vyote vitakutana tena lini? Wanachuo walinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema kwa sauti ya mtu aliyeokota shilingi njiani: "Ni kigawe kidogo cha shirika!" Ndivyo. Cha 40 na 106 ni 2,120. Gurudumu kubwa litakuwa limezunguka mara 53, dogo mara 106, na cheni mara 20. Hadi hapo ndipo pingili za kung'aa zitakapokaa tena mahali zilipowekwa.

Juma lile lile wanachuo hao walikuwa wamefundisha KDS katika madarasa yao, kwa kugawanya kwa namba tasa, na kila mmoja alikuwa na andalio lililoandikwa "zana: ubao na chaki". Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa na mtoto KDS ni ya kazi gani. Pengine watoto walikwisha kujifunza kwamba swali la namna hiyo haliulizwi.

La kutojifunza ni hili. Yule kijana wa gereji amekaa na fundi wake mwaka wa pili. Amebeba maji, ameosha vipuri, ameshika taa. Alipouliza kwa nini pingili zimehama aliambiwa ashike taa vizuri. Fundi anajua kuichunguza injini kabla ya kuigusa, lakini kijana wake hajamchunguza hata siku moja. Hajui kijana anajua nini na anabahatisha nini. Siku moja, alitusimulia fundi mwenyewe, kijana aliwahi kufungua kichwa cha injini ya aina hii bila kuibana cheni kwa kabari ya mti, na kile kifaa cha kukaza kikafyatuka ndani, ikawa lazima mbele kote kufunguliwe kwa kazi ambayo isingehitaji hivyo. Kijana alipigwa makofi. Tulipomwuliza fundi kama aliwahi kumweleza habari ya kabari, alifikiri kidogo, akasema kwamba kijana alikuwa amemwona akiitumia. Kwa hiyo hatuwaombi mwige ufundishaji wa gereji, la hasha. Tunawaomba mwige namna fundi anavyoitendea injini, na mwitumie kwa mtoto.

Wako wenzetu watakaosema kwamba hayo ni ya gereji, na darasa ni kitu kingine. Kipindi ni dakika 40, wanafunzi ni wengi, mada zimepangwa, na mitihani ya taifa haimngoji mwalimu aliyekuwa akikunja karatasi. Hoja hizo ni nzito, nasi tunazijua kwa sababu ndizo tulizozitumia Ijumaa ile. Lakini tuzipime. Fundi naye alikuwa na mteja aliyechoka kungoja, na gari jingine lililokuwa likimsubiri chini ya mti. Nusu saa aliyoitumia mwanzoni aliilipa kabisa wakati wa kufunga, kwa kuwa hakuna alichokifanya mara mbili. Mwalimu anayeingia kwenye kujumlisha sehemu wakati watoto hawajui theluthi ni nini atafundisha mada hiyo leo, ataifundisha tena wiki ijayo kama marudio, na mwalimu wa Darasa la Sita ataifundisha upya. Huo ndio muda uliopotea. Ule wa karatasi haukupotea.

Aidha, hatusemi kila somo lianze kwa dakika 18. Fundi hatafuti alama za kranki anapobadilisha feni belti. Mnapoendeleza mada ya jana, maswali mawili matatu yaliyochaguliwa vema yatatosha. Ni pale mnapoingia mada mpya iliyosimama juu ya mada nyingine ndipo hamna budi kuziba tundu kwa kidole. Na swali la utangulizi liwe ambalo mtoto hawezi kulijibu kwa kuitikia tu. "Jana tulijifunza nini?" hujibiwa na watoto watatu wa dawati la mbele. "Kunja karatasi hii ionyeshe theluthi" hujibiwa na kila mmoja, na jibu lake linaonekana mezani.

Tukiri pia kwamba mfano huu una mwisho wake. Injini haina haya. Ukiikuta imekaa vibaya haioni fedheha, wala wenzake hawaicheki. Mtoto aliyepaka wino kipande cha nane aliona haya alipoona karatasi ya jirani, nasi tulimwona akiificha chini ya daftari. Yule mwanachuo alikwenda akakaa karibu naye, akakunja karatasi nyingine pamoja naye bila kuitaja ile ya kwanza. Hilo nalo halikuwamo katika fomu yetu, kwa sababu fomu haina mahali pa kuliandika.

Na hapa ndipo penye shauri letu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu iliyotengana na maisha ya watu. Shule nyingi zililielewa neno hilo kuwa jembe, zikalima. Kulima ni jambo jema. Lakini kazi ya mikono ilipokwisha kuingia shuleni, aghalabu iliwekwa baada ya masomo, huko shambani, wala haikuulizwa ina Hisabati gani ndani yake wala ina njia gani ya kufikiri. Sisi wakufunzi tumeirithi tabia hiyo katika fomu zetu. Tunahesabu hatua za somo na dakika za kila hatua: utangulizi, maarifa mapya, kukazia, tafakuri, hitimisho. Hatuulizi utangulizi uligundua nini. Tunapendekeza kwamba kwenye fomu ya ukaguzi, mahali penye "utangulizi", paandikwe maswali mawili: mwanachuo aligundua nini kuhusu wanafunzi wake, na alibadili nini kwa sababu ya alichogundua. Mwanachuo asiyeweza kujibu swali la kwanza, hata kama utangulizi wake ulikwisha katika dakika tano kamili, hajautimiza.

Tumelipeleka shauri hilo katika mkutano wa idara yetu. Limepokewa kwa heshima na kuahirishwa. Kuhusu alama ya yule mwanachuo, tulipotaka kuirekebisha tuliambiwa kwamba matokeo ya mazoezi yalikwisha kujumlishwa na kupelekwa, na kwamba mkaguzi hawezi kubadili alama yake kwa sababu ya mambo aliyoyaona gereji. Tumeandika barua kueleza kwamba tulichokosea tulikiona darasani. Barua hiyo bado haijajibiwa. Yeye mwenyewe tulimweleza yote siku ya Jumapili, kabla ya kupanda basi, na tukamwomba radhi. Aliuliza kama inaruhusiwa kuendelea na karatasi wiki inayofuata. Tulimwambia aendelee.

Kwa wale ambao shule zao haziko karibu na gereji, baiskeli mbovu inatosha. Ipinduliwe juu chini mbele ya darasa. Watoto wahesabu meno ya gurudumu la kanyagio, meno ya gurudumu la nyuma, na pingili za cheni. Pingili moja ipakwe rangi, na jino moja la kila gurudumu lipakwe pia, pale pingili hiyo na meno hayo yanapoweza kutambuliwa kwa urahisi. Kabla ya kuzungusha kanyagio, kila mtoto aandike katika daftari lake anavyodhani: kanyagio likizunguka mara moja, gurudumu la nyuma litazunguka mara ngapi, na pingili ya rangi itakuwa wapi? Msisahihishe wala msicheke. Pitieni madaftari yote kwanza, hata kama kipindi kinakwenda, ndipo mmwite mtoto mmoja aje azungushe kwa mkono, polepole.